Majivu ya Ngorongoro na Hesabu ya Miaka

Wasikilizaji wetu, nanyi mtakaoyasoma maneno haya katika kijitabu, leo twataka kuwasimulia habari za mtu aliyetumia maisha yake kupima nguvu ndogo sana iliyofichika ndani ya mawe, na jinsi alivyoyauliza majivu ya nchi ya Ngorongoro umri wake. Mtu huyo aliitwa Garniss Curtis. Alizaliwa mwaka 1919 katika jimbo la California, Marekani, akawa mwalimu wa elimu ya mawe katika Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley, akafariki mwaka 2012.

Mara nyingi mtu akiambiwa kwamba mifupa fulani ina umri wa miaka milioni moja na zaidi, huuliza: Ni nani aliyekuwako akaihesabu? Swali hili si la ujinga, wala asilaumiwe mwanafunzi anayeliuliza. Mzee akituambia umri wa mti mkubwa, twamwuliza amejuaje. Basi na mtaalamu naye imempasa kujibu. Habari za leo ndizo jibu la swali hilo.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Atokaye Karatu kwenda Ngorongoro huyaacha nyuma mashamba ya mahindi, ngano na kahawa yaliyo juu ya udongo mwekundu, akapanda ndani ya msitu wenye ukungu hata akafika ukingoni. Hapo nchi hukatika ghafula mbele ya macho, na chini kabisa, futi kama 2,000, huonekana bonde pana la mviringo lenye ziwa na wanyama wengi. Bonde lile halikuchimbwa na mto. Zamani palikuwa na mlima mkubwa wa moto. Ulipokwisha kuyatapika mawe yaliyoyeyuka tumboni mwake, kilele chake kilikosa nguzo, kikadidimia. Wala haukuwa peke yake. Oldeani, uonekanao kutoka Karatu, na Lemagrut, na Sadiman, na Olmoti, na Loolmalasin, na Empakaai, yote ilikuwa milima ya moto. Leo hiyo yote imelala, na Oldoinyo Lengai pekee, ulio upande wa kaskazini kuelekea ziwa Natron, ndio uendeleao kutoa moto na majivu.

Majivu ya milima hiyo yalichukuliwa na upepo, yakaangukia nyanda zilizo upande wa magharibi, tabaka juu ya tabaka, kama mikeka iliyotandikwa mmoja juu ya mwenzake. Baadaye sana maji ya mvua yalizikata tabaka hizo, yakafanya korongo refu liitwalo na Wamasai Oldupai, kwa jina la katani mwitu iotayo huko. Vitabu vingi huliandika Olduvai. Mtu akisimama ndani ya korongo lile huziona tabaka zote ubavuni mwake, na hata mtoto aweza kufahamu kwamba mkeka wa chini ulitandikwa kwanza. Lakini hapo ndipo penye taabu. Tabaka hutuonyesha lipi limetangulia na lipi limefuata, wala hazituambii ni miaka mingapi iliyopita kati ya moja na nyingine.

Taabu hiyo ilionekana wazi tarehe 17 Julai 1959. Siku hiyo Bwana Louis Leakey alikuwa amelala kambini kwa homa, na mkewe, Bibi Mary Leakey, akatoka kutafuta peke yake. Katika tabaka la chini la Oldupai aliona mfupa umechomoza, na ulipofukuliwa ukawa fuvu la kiumbe wa jamii ya binadamu wa kale sana, mwenye meno makubwa ya kutafunia. Walimwita Zinji, kwa jina la zamani ambalo Waarabu waliiitia nchi ya pwani yetu. Dunia nzima ilitaka kujua umri wake. Bwana Leakey, akipima kwa maarifa ya siku zile, alisema huenda ni miaka 600,000. Yalikuwa makisio ya mtu mwenye elimu, lakini makisio hayafikii kipimo.

Sasa tuingie katika elimu yenyewe, nasi tutakwenda polepole. Katika mwaka 1896 Mfaransa Henri Becquerel aligundua kwamba madini ya urani hutoa mionzi isiyoonekana kwa macho, bila ya kuchomwa wala kuguswa. Mwaka 1906 Norman Campbell na Alexander Wood wa Cambridge, Uingereza, walionyesha kwamba potasiamu nayo hutoa mionzi, ingawa ni hafifu mno. Potasiamu si kitu kigeni kwetu. Imo katika majivu ya kuni jikoni, imo katika ndizi na maharage, na imo katika miili yetu. Katika mwili wa mtu mzima, kila sekunde ipitayo, zaidi ya atomi 4,000 za potasiamu hubadilika na kutoa mionzi, wala hatusikii lolote. Atomi ni chembe ndogo kabisa za kitu, na katika kila atomi milioni moja za potasiamu, ni kama 117 tu zilizo na tabia hiyo ya kubadilika. Hizo wataalamu huziita potasiamu 40.

Atomi ya potasiamu 40 ikibadilika, mara nyingi huwa kalisi, yaani kitu kile kilicho katika chokaa. Lakini katika kila kumi zibadilikazo, kama moja huwa argoni, nayo argoni ni hewa isiyoungana na kitu chochote. Badiliko hilo haliharakishwi na jua wala halicheleweshwi na baridi, bali huenda kwa mwendo wake uleule. Ukiwa na fungu la potasiamu 40, itapita miaka milioni 1,250 kabla ya nusu yake kwisha. Katika mwaka 1948 Wamarekani Aldrich na Nier waliipata argoni ya namna hiyo ndani ya madini ya kale yenye potasiamu, na hapo njia ya kuhesabu miaka ikafunguka.

Njia hiyo twaweza kuifananisha na mtungi uliofunikwa vizuri, ambao matone ya maji huanguka ndani yake kwa mwendo mmoja. Ukiujua mwendo wa matone, na ukiyapima maji yaliyomo, utajua mtungi ulianza lini kupokea. Mlima wa moto ndio uumwagao mtungi hata ukawa mtupu: mawe yakiwa yameyeyuka kwa moto, argoni yote ya zamani hutoroka. Jivu likianguka na kupoa, chembe zake ngumu zing'aazo kama kioo hufunga mlango, na tangu siku hiyo argoni mpya hukusanyika ndani, tone baada ya tone. Kwa hiyo kipimo hiki hakitupi umri wa mfupa, bali hutupa umri wa jivu lililoulalia mfupa au lililolala chini yake.

Lakini mtungi waweza kudanganya kwa njia mbili. Ukiwa na ufa, maji huvuja, na aupimaye atadhani siku ni chache kuliko zilivyo. Na kama mtungi haukumwagwa vizuri, yakabaki maji ya jana, atadhani siku ni nyingi mno. Twaomba mlikumbuke jambo hili, maana ugomvi wote tutakaousimulia ulitokana na hizo mbili.

Curtis alikuwa tayari mjuzi wa majivu kabla ya habari za Oldupai. Katika Alaska, kaskazini ya mbali ya Marekani, ulitokea mlipuko mkubwa mwezi wa Juni 1912, na kwa kuwa kilele cha mlima Katmai kilididimia siku hizo, watu walidhani majivu yametoka Katmai. Curtis aliyachimba majivu yale mahali pengi, akapima unene wake hapa na pale, akaona yazidi kuwa mazito kadiri mtu anavyokikaribia kilima kidogo kiitwacho Novarupta, maili kama sita kutoka Katmai. Ikajulikana kwamba kilima kile kidogo ndicho kilichotapika. Basi mtu huyo alikuwa amezoea kuliamini fimbo lake la kupimia kuliko maneno yaliyotangulia.

Kule Berkeley alishirikiana na Jack Evernden. Mwenzao John Reynolds alikuwa ametengeneza mtambo wa kioo uwezao kuzipambanua atomi kwa uzito wake, hata zikiwa chache mno. Kazi yao ilikuwa hivi. Jivu lilipondwa, zikachaguliwa chembe safi zenye potasiamu. Sehemu moja ilitumiwa kupimia potasiamu. Sehemu nyingine ilitiwa katika chombo kilichoondolewa hewa yote, ikachomwa hata ikayeyuka, na hewa iliyotoka ndani yake ikasafishwa na kupelekwa katika mtambo kuhesabiwa. Ilitakiwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa hewa hii tunayovuta ina argoni pia, karibu sehemu moja katika mia, na tundu dogo kama ncha ya sindano laweza kuiharibu kazi ya siku nyingi.

Majivu ya Oldupai yalipopimwa, jibu lilikuwa miaka 1,750,000. Curtis, Evernden na Leakey walilitangaza mwaka 1961. Zinji akawa na umri unaokaribia mara tatu ya ule uliokisiwa. Ili mfahamu udogo wa kitu walichokitafuta, fikirini hivi: katika muda wote huo, kwa kila atomi 10,000 za potasiamu 40 zilizokuwamo, ni kama kumi tu zilizobadilika, na katika hizo kumi moja tu ndiyo iliyokuwa argoni. Hiyo moja katika elfu kumi ndiyo waliyoitafuta kwa moto na kwa mtambo.

Je, watu waliamini? Wengi hawakuamini, nao walikuwa na haki ya kuuliza. Mwaka uleule wa 1961 wataalamu von Koenigswald, Gentner na Lippolt walipima jiwe jeusi la basalti lililo chini ya tabaka la Zinji, wakapata miaka milioni 1.3. Hapa palikuwa na fumbo, maana haiwezekani mkeka wa chini uwe umetandikwa baada ya ule wa juu. Mmoja wa mitungi ulikuwa na kasoro, lakini upi?

Jambo la kusifiwa ni kwamba fumbo hili halikuamuliwa kwa cheo wala kwa sauti kubwa. Liliamuliwa kwa kupima tena, na kwa njia nyingine. Mwaka 1965 Wamarekani Fleischer, Price na Walker, pamoja na Leakey, walitumia urani badala ya potasiamu. Atomi ya urani mara chache hupasuka yenyewe, na ikipasuka ndani ya kioo cha jivu huacha mkwaruzo mdogo. Kioo kikioshwa kwa tindikali, mikwaruzo huonekana kwa hadubini, nayo huhesabiwa mmoja mmoja. Walipata miaka milioni 2.03, wakasema wazi kwamba hesabu yao yaweza kupungua au kuzidi kwa milioni 0.28. Ile 1.75 ya Berkeley imo ndani ya mpaka huo, ile 1.3 haimo. Jiwe likiwa limeliwa na maji na kuoza, argoni yake huweza kuvuja. Ndio ule mtungi wenye ufa. Baadaye vipande vizuri vya basalti ile vilipopimwa, vilionyesha umri unaokaribia miaka milioni 2, kama inavyolipasa jiwe la chini. Naye Richard Hay, aliyezichora tabaka za Oldupai kwa subira ya miaka mingi, alishirikiana na Curtis, na katika mwaka 1972 walitoa hesabu za Oldupai pamoja na za kreta ya Ngorongoro yenyewe. Hivyo milima na majivu yake vikaanza kusimulia habari moja.

Kazi ikaendelea hata Laetoli, kusini ya Oldupai. Majivu ya huko yalipimwa, na mwaka 1976 Curtis, Hay, Bibi Leakey na wenzao walitangaza kwamba mifupa ya kale iliyopatikana pale imo kati ya tabaka mbili, moja ya miaka kama milioni 3.6 na nyingine kama milioni 3.8. Miaka miwili baadaye, mwaka 1978, zilionekana Laetoli nyayo za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili juu ya jivu lililolowa mvua. Nyayo zile zilipoonekana, umri wa jivu lile ulikuwa umekwisha kupimwa.

Wala tusidhani kwamba Curtis hakuteleza. Mwaka 1972 Bernard Ngeneo, mmoja wa watafutaji wa Richard Leakey, aliona mashariki ya ziwa Turkana, katika Kenya, vipande vya fuvu maarufu lililopewa nambari 1470. Jivu lililokuwa juu ya tabaka lake lilikuwa limepewa na Waingereza Fitch na Miller umri wa miaka milioni 2.6. Mwaka 1975 Curtis na wenzake walikataa. Wakasema jivu la sehemu moja lina miaka milioni 1.82, na la sehemu nyingine milioni 1.60. Ubishi ukadumu miaka mingi. Waliochunguza meno ya nguruwe wa kale walisema kwamba nguruwe wa Turkana wafanana na wa mahali pengine palipo na umri mdogo kuliko 2.6. Mwishowe ilijulikana kwamba chembe za mawe ya zamani zilikuwa zimechanganyika na jivu lile, ndio ule mtungi wenye maji ya jana, na kwamba hata ile 1.60 haikuwa sawa. Mwaka 1980 Curtis na wenzake wenyewe waliitengeneza hesabu yao, na vipimo vya Ian McDougall wa Australia vikathibitisha umri wa karibu milioni 1.9. Kila upande ulikuwa na la kusahihisha.

Katika mwaka 1991 walirudi tena Oldupai kwa njia mpya. Walitumia mwanga mkali wa leza kuyeyusha chembe mojamoja, hata chembe ngeni ikiwamo ijulikane na kutupwa. Walioandika habari hizo walikuwa Robert Walter, Paul Manega, Hay, Drake na Curtis. Naye Manega alitoa baadaye, mwaka 1993, kitabu cha utafiti juu ya umri wa milima ya Ngorongoro. Umri wa Zinji ukawekwa karibu na miaka milioni 1.8, na vipimo vilivyofuata vimeusogeza karibu na milioni 1.84. Kwa hiyo ile namba ya mwaka 1961, iliyowashangaza wengi kwa ukubwa wake, ilikuwa imepungua kidogo tu.

Labda msikilizaji atasema: Vipimo vyakubaliana, lakini vyote ni vya mambo ambayo hakuna aliyeyaona. Basi na atazame kipimo cha mwaka 1997. Kituo cha kupimia umri wa mawe ambacho Curtis alikianzisha Berkeley kilichukua mawe ya mlima Vesuvius wa Italia, yaliyotoka katika mlipuko ule uliouzika mji wa Pompeii. Mlipuko huo aliuona Mrumi Plinio Mdogo kwa macho yake, akauandikia barua. Ulikuwa mwaka 79. Tangu mwaka huo hata 1997 ni miaka 1,918. Mtambo ulitoa miaka 1,925. Tofauti yao ni miaka saba, nayo ni ndogo kuliko shaka ambayo wapimaji wenyewe walikiri kwamba imo katika hesabu yao. Hapa alikuwako mtu aliyeona, na kalamu yake na jiwe vilisema neno moja.

Sasa turudi kwa swali la mwanafunzi wetu: Ni nani aliyekuwako akahesabu? Mtu hakuwako. Lilikuwako jivu, na ndani yake potasiamu iliyobadilika kwa mwendo mmoja, mvua ikinyesha na kukatika, milima ikiwaka na kuzimika. Kazi ya Curtis na wenzake ilikuwa kuisoma hesabu iliyokwisha kuandikwa, kisha kuwaachia watu wengine, wa nchi nyingine na wenye mitambo mingine, waisome tena na kusema kama wamekosea. Penye kosa palisahihishwa mbele ya watu wote, na yaliyosimama yamesimama kwa sababu yalijaribiwa mara nyingi.

Fuvu la Zinji lilirudishwa nchini mwaka 1965, nalo ni mali ya Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Lakini majivu yako palepale. Kijana wa Karatu akitaka kuyaona si lazima asafiri mbali. Na aende penye korongo lililochimbwa na maji baada ya mvua za masika, atazame ubavuni, azitafute tabaka zenye rangi mbalimbali, aulize ipi ya kwanza na ipi ya pili, apime unene wake kwa kijiti na kuandika daftarini. Curtis naye, kule Alaska, alianza kwa kupima unene wa majivu.